Tuhuma Si Hukumu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamthubutikia Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa siri na dhahiri, Hakimu asiyemdhulumu mja hata kwa uzito wa chembe. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Enyi Waislamu mliohudhuria hapa Lionja, nanyi mnaotusikiliza majumbani, mashuleni na vyuoni, nakuusieni na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Maneno yetu ya leo yanahusu wajibu wa ndimi zetu pale kijana anapotuhumiwa.

Michezo ni neema ikitumiwa kwa adabu. Tangu Namungo ya Ruangwa ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, vijana wa pande zetu wamezidi kuupenda mpira, na mwanachuo mwenye kipaji hujulikana kabla hajamaliza masomo yake. Lakini jina linalojulikana na wengi huchafuka upesi. Simu ikipotea bwenini siku ya mashindano, au mchezaji akionekana na viatu vipya ambavyo baba yake, mkulima wa korosho, hakuweza kumnunulia, basi kabla ya magharibi maneno yamekwisha kufika kisimani na sokoni, na picha yake imezunguka katika simu za watu: huyu ni mwizi, huyu amehongwa. Hapo watu hugawanyika. Baadhi hutaka apigwe na afukuzwe. Wengine, kwa kuwa yeye ndiye mfungaji wa mabao, hutaka jambo lifunikwe. Wachache mno huuliza: ni lipi lililothibiti?

Ndugu zangu, Qur'ani Tukufu imelitolea uamuzi jambo hili katika Sura An-Nisaa, kuanzia aya ya 105. Wafasiri wameeleza kwamba mtu mmojawapo wa Madina, aliyehesabiwa katika Waislamu, aliiba deraya ya vita. Alipoona anashukiwa, akaipeleka katika nyumba ya Yahudi ili lawama imwangukie huyo. Jamaa zake wakaja kumtetea mbele ya Mtume (S.A.W.), nao walikuwa wengi, wenye kauli moja. Riwaya zimetofautiana katika baadhi ya mambo, lakini kiini chake ni hiki: wahyi ulishuka ukamtakasa yule aliyesingiziwa, ingawa hakuwa wa dini yetu, na ukawakemea waliomtetea mwizi kwa sababu ya udugu. Kisha tukafundishwa katika aya ya 112 kwamba mwenye kutenda kosa na kumtupia asiyekuwa nalo, amejitwisha dhambi ya kosa na dhambi ya uzushi.

Tazameni basi. Wingi wa wasemaji haukuwa ushahidi, wala udugu haukuwa hoja.

Na upande wa pili nao una mafunzo yake. Mwaka wa Ufunguzi wa Makka, mwanamke wa ukoo mtukufu wa Makhzum aliiba, na Usama bin Zaid akatumwa kumwombea. Mtume (S.A.W.) alighadhibika, akaeleza kwamba kaumu zilizotangulia ziliangamia kwa kumwacha mkubwa aibapo na kumwadhibu mnyonge, na kwamba hata Fatima binti yake asingesalimika lau angeiba. Kwa hiyo mwenye kumficha mchezaji hodari ili timu isishindwe, ajue amesimama mahali pabaya.

Ama zawadi, kumbukeni habari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka. Aliporudi aligawa mali mafungu mawili, hili lenu na hili nimezawadiwa. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari akauliza: lau mtu huyo angekaa nyumbani kwa wazazi wake, je, zawadi hiyo ingemfuata? Kijana mchezaji na ajiulize vivyo hivyo: huyu anayenipa fedha anaipenda nafsi yangu, au anainunua miguu yangu? Lakini angalieni pia adabu ya Mtume: katika hotuba ile alilitaja kosa waziwazi, bila kulitaja jina la mtu yule.

Wala msidhani kwamba haya ni ya zama za kale tu. Baada ya Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro ya mwaka 2016, zilizuka tuhuma nchini Kenya juu ya sare za wanariadha na fedha za msafara. Viongozi kadhaa walishutumiwa kwa pamoja. Kesi ikafika mahakamani Nairobi, na mwaka 2021 aliyekuwa waziri wa michezo na aliyekuwa mkuu wa msafara wakatiwa hatiani, na baadhi ya wenzao wakaachiwa huru. Waliowatukana wote walikuwa wamewatia katika kapu moja. Mahakama ndiyo iliyowatenganisha. Je, nani aliwafuata walioachiwa akawaomba radhi?

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, nayo imekataza mshitakiwa wa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Sheria ya dini imemtaka mdai alete ushahidi. Basi yule apigaye ukelele wa "mwizi!" njiani, na watu wakaokota mawe, anatoa hukumu isiyo na hakimu. Simu iliyoibwa hununuliwa nyingine. Roho ya kijana hainunuliwi, na heshima yake huchukua miaka kurudi.

Basi yatupasa haya. Aliyeibiwa apeleke shauri kwa mwalimu, kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi. Aliyeona aseme alichokiona, asizidishe. Asiyeona anyamaze, wala asisambaze picha. Mzazi amuulize mwanawe kwa upole lakini kwa uthabiti: viatu hivi umevipata wapi? Na hatia ikithibiti, kijana arudishe mali, apate adhabu ya haki, atubu. Kisha tumpokee. Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu kumlaani mlevi aliyekwisha kuadhibiwa, wasije wakamsaidia shetani dhidi ya ndugu yao.

Ewe Mola wetu, zilinde ndimi zetu na uzushi, na mikono ya vijana wetu na haramu. Wape waliodhulumiwa haki yao, na waliokosea njia ya toba. Nasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.