Mwanafunzi wa Udaktari na Mganga wa Bunyoro
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Vijana wetu wengi huvuka bahari kwenda kusomea udaktari, na wazee wao wakiagana nao huwausia wakatazame, wakashike, warudi na elimu. Usia huo ni mwema. Lakini jioni hii nataka kuwaeleza habari za mwanafunzi aliyesafiri kinyume cha njia hiyo: alitoka katika masomo ya udaktari huko Ulaya, akaja akatazama upasuaji katika nchi ya Bunyoro, ambayo leo ni sehemu ya Uganda.

Jina lake ni Robert Felkin, Mwingereza. Alianza kusoma udaktari mjini Edinburgh mwaka 1876. Kabla hajahitimu alijiunga na wamisionari waliokuja kwa njia ya mto Naili, akafika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1879. Mwaka huo huo, mahali paitwapo Kahura, alishuhudia mwanamke wa umri wa miaka 20 hivi, mwenye mimba yake ya kwanza, akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe.

Aliyoyaona ni haya. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi hata akalegea. Mganga alinawa mikono kwa pombe hiyo hiyo, akaosha na tumbo la mama. Msaidizi mmoja alimshika miguu, na mwingine alilishika tumbo lisicheze. Mganga akakata kwa kisu chini ya kitovu, na palipotoka damu paliguswa kwa chuma cha moto ili ikome. Mtoto alipokwisha kutolewa, mganga aliukanda mji wa mimba hata ukajikaza. Kisha akaufunga mdomo wa jeraha kwa pini 7 nyembamba za chuma zilizosuguliwa vizuri, akazizungushia uzi, akapaka dawa ya mizizi iliyotafunwa. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona, na mama alikuwa mzima.

Ndugu zangu, tusiyapite mambo haya upesi. Katika Ulaya ya miaka ile akina mama wengi waliopasuliwa namna hiyo walikufa. Mafundisho ya Joseph Lister, ya kuua vijidudu vya jeraha kwa dawa, yalitangazwa mwaka 1867, na madaktari wengi walikuwa bado wakibishana juu yake. Hapa palikuwa na mganga aliyenawa kabla ya kushika kisu. Kila tendo lake lilikuwa na wakati wake na chombo chake, na wasaidizi wake walijua kazi yao. Ufundi wa namna hiyo hauzaliwi kwa siku moja. Bila shaka ulirithiwa mkono kwa mkono.

Wala sisemi haya ili tujisifu bure. Mganga yule hakuushona mji wa mimba. Mwaka 1882 daktari Max Sänger wa Ujerumani alieleza faida ya kuushona, na desturi hiyo imeokoa watu wengi mno. Mwenye mke mjamzito asitoke hapa akaikimbia hospitali kwa sababu ya hotuba yangu! Ninalosema ni kwamba elimu haina kabila, na mwenye akili huipokea popote aikutapo.

Felkin alirudi kwao, na mwaka 1884 maelezo yake yalitolewa katika gazeti la madaktari la Edinburgh. Hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi watu wa kalamu. Laiti asingaliandika, nani kati yetu leo angaliamini? Waganga wale walikuwa na mikono ya ajabu, lakini hawakuwa na daftari. Na ona upungufu wa daftari la mgeni: jina la mtazamaji tunalijua, bali jina la mganga halikutufikia, wala la mama aliyevumilia kisu, wala la mtoto. Faili imehifadhiwa, na wenyewe wamepotea ndani yake.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwanza, wale wenye wana na wadogo zao wanaosoma udaktari ugenini wawaambie hivi: msimamapo kando ya meza ya upasuaji, tazameni kwa adabu, kwa maana aliyelala pale si kitabu, ni mzazi wa watu. Andikeni mliyoyaona jinsi yalivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza. Pili, kila mwanachama amwendee mkunga au mganga mzee wa kwao, amwombe ruhusa, aandike ajuayo, na juu ya ukurasa aanze na jina la mzee huyo. Wazee hao hawatatungoja sana.