Wadudu Wanaopokezana Gunia la Mahindi



Mara nyingi mtu hununua gunia la mahindi, akalifungua baada ya miezi miwili, akakuta wadudu wadogo wekundu wakitambaa humo, naye akawalaumu hao hao. Lakini mdudu mwekundu wa unga hawezi kutoboa punje nzima iliyokauka. Chakula chake ni unga na punje zilizovunjika. Akionekana kwa wingi ndani ya mahindi, wako wengine waliomtangulia kumwandalia karamu.

Wanaotangulia kwetu hasa ni wawili. Fukusi ni mwenyeji wa siku nyingi. Jike lake hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu kwa ute. Funza hukua humo humo, asionekane mpaka atoke akiwa mpevu, yapata majuma matano baadaye panapokuwa na joto. Kwa hiyo punje isiyo na tundu si lazima iwe salama, na kupeta huondoa wale wa nje tu. Wa pili ni dumuzi, mgeni kutoka Amerika ya Kati aliyeingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakulima walimwita Scania, jina la lori, nao walijua kupima. Huyu huchimba hata asichokila, akaacha vumbi tele la unga, na hapo mdudu mwekundu hupata makao.

Wadudu wakiwa wengi, pumzi zao huongeza joto na unyevu ndani ya gunia. Unyevu huo hukaribisha ukungu, na baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Unaponunua, basi, usitazame mdomo wa gunia peke yake. Ingiza mkono hadi chini: ukihisi joto au ukitoa vumbi la unga, acha. Tia punje chache na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, utikise. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka vya kutosha. Muulize pia muuzaji ametumia dawa gani na lini. Dawa inayomwua fukusi haimwui dumuzi sawasawa, ndiyo maana dawa ya unga iliyosajiliwa kwa ghala mara nyingi huchanganywa viuawadudu viwili. Dawa ya shambani haina nafasi katika chakula, hata kidogo.

Asiyetaka dawa atumie mfuko usiopitisha hewa: wadudu humaliza hewa iliyomo, wakafa, fukusi na dumuzi pamoja. Mahindi yawe makavu kwanza, na mfuko usifunguliwe kila siku kwa ajili ya kibaba kimoja. Kila ukifunguliwa, wadudu hupata pumzi mpya.