Watu Walio Nyuma ya Ruzuku
(Mazungumzo ya Afisa Maendeleo ya Jamii na viongozi wa asasi na vikundi)



Nimeombwa nizungumzie mifuko inayotoa ruzuku kwa ajili ya haki za jamii. Nitajikita kwa watu wanaofanya kazi humo, kwa kuwa vikundi vingi huwadhania kuwa ndio wenye fedha. Foundation for Civil Society, iliyoanzishwa mwaka 2002, na Women Fund Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2008, hugawa fedha ambazo nazo huzitafuta kwa wafadhili. Afisa ruzuku anayekupigia simu kuulizia stakabadhi moja ya mafuta ya pikipiki, naye ana mkaguzi anayemngoja.

Kabla ya hapo amesoma maandiko mengi kwa siku chache. Andiko lisemalo "kuinua jamii" halimwambii kitu. Litajeni tatizo kwa jina lake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa katika Mkoa wa Mara asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, ilhali kwa nchi nzima ni asilimia 8. Sheria ya mwaka 1998 inamwadhibu anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15. Hata hivyo, msimu ukifika, wako wasichana wanaokimbilia nyumba salama, kama zile za asasi ya Hope for Girls and Women zilizopo Butiama na Serengeti. Msichana aliyetoroka usiku anahitaji godoro, chakula na mtu wa kumsindikiza polisi. Andikeni hayo, na gharama zake.

Hapa nina neno kwa wenzetu wa mifuko pia. Msimu wa ukeketaji kwetu huwa mkali wakati wa likizo ya Desemba. Fedha ikitoka Februari, imekuja kuhesabu waliokwisha kuumia. Tena fomu ya Kiingereza kitupu humpendelea mwandishi wa kukodiwa mjini kuliko mama anayeijua kila kaya kijijini kwake. Maafisa wengi ninaokutana nao wanalijua hilo. Waelezeni bila woga wanapowatembelea, maana ziara hiyo si ya kukagua daftari tu.

Msichanganye ruzuku na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, lakini hurejeshwa. Ruzuku hairejeshwi; hutolewa hesabu, na awamu ya pili husubiri hesabu ya awamu ya kwanza. (Nimeona stakabadhi zikihifadhiwa kwenye mfuko wa unga. Panya hawasomi mkataba.)

Ofisi yetu haigawi fedha za mifuko hiyo. Afisa maendeleo ya jamii wa wilaya ni msajili msaidizi wa mashirika yasiyo ya kiserikali, hivyo tunaweza kuwaelekeza kuhusu usajili, na kulisoma andiko lenu kabla hamjalituma. Lileteni mapema, likiwa na bajeti, na aje pia mtunza hazina.