Mzizi Mmoja, Maneno Mengi



Mwanafunzi wa madarasa ya juu huko Raila, katika Kibera, Nairobi, hufundishwa na hutahiniwa kwa Kiingereza. Akikariri maneno moja moja, huchoka na kusahau. Heri ashike mizizi. Kama soma lilivyozaa somo, msomaji na kisomo, ndivyo portare la Kilatini, maana yake kubeba, lilivyozaa import, kuleta bidhaa kutoka nchi za nje. Export, kuzipeleka nje. Na transport, kuzichukua kutoka mahali hata mahali. Hata ripoti ya shule ni ya ukoo huo: asili yake ni habari iliyobebwa ikarudishwa. Lakini na ajihadhari: portrait, yaani picha ya mtu, halimo. Mzizi humwonyesha njia, kamusi humthibitishia.