Wanamaji Wetu ni Wangapi?



Nimeombwa niseme juu ya Jeshi letu la Wanamaji, nilikokuwa fundi mitambo. Lilianzishwa mwaka 1971 kwa msaada wa China, makao yake Kigamboni. Kitabu cha majeshi ya dunia kitolewacho London kila mwaka hukadiria wanamaji wetu kuwa 1,000 hivi, katika jeshi la watu 27,000.

Ni wachache? Agosti 1914, katika ziwa letu hili, Waingereza kwa meli moja tu waliikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu kule Liuli. Nahodha wake hata habari za vita hakuwa nazo! Wakamteka.

Kwa hiyo mimi sikuhesabu boti, nilihesabu mafundi. Injini zilikuwa za Kichina. Kijana huchukua miaka kuzizoea, na mzee akistaafu huondoka na ujuzi wake.

Ninyi mnaowaona akina mama wa Ikombe wakileta vyungu hapa Lyulilo kwa mitumbwi, ziwa mnalijua. Mimi pia kuogelea sikufundishwa na mtu; hesabu ndizo zilizonitoa jasho. Mwenye swali la injini anifuate pale chini ya mwembe.