Jina Moja kwa Mito Mingi: Plekoptera wa Afrika na Kazi ya Kuwatambua



Tangazo la mhadhara huu lilisema nitazungumza kuhusu wadudu wa maji baridi. Hao ni wengi mno kwa jioni moja. Mito, maziwa na vinamasi havifiki asilimia 1 ya uso wa dunia, lakini spishi za wadudu zipatazo 100,000 huishi humo, angalau kwa kipindi fulani cha maisha yao. Mimi nitashika kundi moja dogo, plekoptera, na ndani ya kundi hilo jenasi moja tu, Neoperla. Nimeichagua kwa sababu kwa miaka mingi jina moja liliwatosha karibu wote waliokusanywa kusini mwa Sahara, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza zaidi.

Nianze na mdudu mwenyewe. Geuza jiwe mahali mto unapokwenda kasi na kutoa povu. Ukibahatika utakuta tunutu bapa, mwenye mikia miwili, na penye mashina ya miguu yake kuna vishada vyeupe vya matamvua. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza humchanganya na efemeroptera, ambaye aghalabu ana mikia mitatu, lakini wako wenye miwili pia. Basi hesabuni kucha: plekoptera ana mbili kwenye kila mguu, efemeroptera ana moja. Tunutu huyo hujivua ngozi mara nyingi akiwa majini, kisha hupanda juu ya jiwe, hujivua mara ya mwisho na kutoka na mbawa. Maisha yake ya nje ni ya siku au majuma machache. Jamaa zake wa Ulaya na Amerika Kaskazini hutumia muda huo kuitana kwa kugonga tumbo juu ya kijiti au jani kavu. Dume hugonga, jike hujibu, na kila spishi ina mpigo wake.

Anahitaji oksijeni nyingi. Maji yakipata joto, au yakijaa taka zinazooza, oksijeni hupungua naye hutoweka mapema kuliko wengi. Ndiyo maana anatumika kupima mito. Katika mfumo wa Afrika Kusini uitwao SASS, kila familia ya wadudu na wanyama wengine wadogo ina alama kati ya 1 na 15. Familia ya Perlidae, ambayo ndiyo ya Neoperla, ina 12. Lava wa Chironomidae, wanaovumilia tope na uchafu, wana 2. Tanzania nayo ina mfumo wake wenye asili hiyo, TARISS, uliochapishwa mwaka 2015. Ni kazi ninayoithamini sana, kwa kuwa mtu mwenye wavu wa mkono na sinia jeupe anaweza kukadiria hali ya mto kabla ya jua kuwa kali.

Lakini alama hiyo ni ya familia nzima. Sasa tuulize, ndani yake kuna nani?

Mwaka 1839 Mwingereza Edward Newman alitoa jina spio kwa mmoja wa wadudu hawa. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 wataalamu wa Ulaya waliongeza mengine: Enderlein Ujerumani, Klapálek huko Bohemia, na padre Mjesuiti wa Hispania, Longinos Navás, ambaye alitoa majina ya wadudu kwa ukarimu uliopita kiasi, na warithi wake bado wanahangaika kuyapunguza. Waliangalia rangi ya kichwa, mishipa ya mbawa, ukubwa. Hayo yote hubadilika hata kwa ndugu wa mto mmoja.

Ndipo akaja H. B. N. Hynes. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa Afrika Mashariki katika kazi ya kupambana na nzige; baadaye akawa mmoja wa waasisi wa elimu ya mito duniani, mwandishi wa kitabu cha 1960 kuhusu biolojia ya maji yaliyochafuliwa. Mwaka 1952 alichapisha mapitio ya kundi hili kwa Afrika, akayakunja karibu majina yote kuwa moja: Neoperla spio, spishi moja yenye sura nyingi. Simlaumu. Mbele ya rundo la majina yaliyosimama juu ya madoa ya rangi, kufagia kulikuwa uamuzi wa busara. Tatizo lilikuwa kwamba ufagio ulichukua na vilivyokuwa vya kweli. Tangu hapo, aliyekuta tunutu wa aina hii, awe Kamerun au Usambara, aliandika N. spio na kuendelea na kazi nyingine.

Katika miaka ya 1970 Mjerumani Peter Zwick alichunguza vielelezo kutoka Ghana, akaonyesha kwamba palikuwa na spishi mbili zikiishi eneo moja. Katika jenasi hii tofauti hukaa mahali ambapo macho hayafiki kwa urahisi: kwenye kifuko laini kilichokunjwa ndani ya uume wa dume, ambacho sharti kitolewe nje kwa uangalifu ili mpangilio wa miiba yake usomeke chini ya hadubini, na kwenye nakshi za ganda la yai. Tunutu hana uume wala yai. Kwa hiyo mdudu yule yule tunayemwokota mtoni kwa urahisi ndiye asiyeweza kutuambia yeye ni spishi gani, isipokuwa vinasaba vyake vilinganishwe na vya mdudu mzima ambaye tayari tumemtambua kwa njia hiyo ya taabu.

Hapa kuna hoja ninayoisikia mara kwa mara, nayo ina uzito. Kama familia inatosha kutuambia maji ni safi, spishi za nini? Hata historia ya jirani zetu inaweza kuiunga mkono hoja hiyo. Katika miaka ya 1940, Kenya ilitia DDT kwenye mito ya bonde la Kodera, Nyanza, ili kumwangamiza Simulium neavei, inzi anayeeneza usubi, ugonjwa unaopofusha. Wakati huo hakuna aliyejua lava wake wanaishi wapi. Ni mwaka 1950 tu ambapo watafiti van Someren na McMahon waliwakuta wamejishikiza kwenye miili ya kaa wa mtoni. Kodera ilikuwa imekwisha kusafishwa. Sumu ilitangulia, elimu ikafuata, na watu waliokolewa macho yao. Siwezi kusimama hapa nikasema ingekuwa afadhali wangesubiri wanataksonomia.

Ninachosema ni kwamba DDT haichagui. Ikiwa mto ulikuwa na Neoperla wa spishi tatu na baada ya sumu akarudi mmoja, daftari lingeandika N. spio kabla na N. spio baada, na hesabu ingeonekana shwari. Hatuwezi kujua kama ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu jina lilikwisha kulifunga swali. Familia hutuambia kama maji yanafaa. Haiwezi kutuambia tumepoteza nini.

Angalieni jinsi mambo yanavyokuwa pale kundi linapochunguzwa hadi kwenye spishi. Kereng'ende wa Afrika wamesomwa vizuri kuliko wadudu wengi wa maji, hata hivyo mwaka 2015 Dijkstra na wenzake wawili walieleza spishi mpya 60 kwa mkupuo mmoja. Huko Amani, Usambara Mashariki, yuko kereng'ende mwembamba, Amanipodagrion gilliesi, aliyeelezwa na Pinhey mwaka 1962. Anaishi kwenye vijito vya msitu wa bonde la Sigi na si kwingine kunakojulikana, naye yumo katika orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Kwa kuwa ana jina, mhifadhi anaweza kumtaja katika shauri la ukataji miti au uchimbaji wa dhahabu. Maji ya Sigi ndiyo yanayokwenda Bwawa la Mabayani na kunywewa na mji wa Tanga. Neoperla wanaokaa chini ya mawe ya milima hiyo hawana mtetezi wa namna hiyo. Wakiitwa N. spio tu, katika shauri hawawezi kutajwa ila kama spishi iliyoenea bara zima, na spishi iliyoenea bara zima haimshughulishi hakimu.

Milima ya Tao la Mashariki, Usambara ikiwamo, imetengana kwa nyanda kavu kwa muda mrefu sana. Vyura wake, vinyonga wake na mimea yake hutofautiana safu kwa safu. Plekoptera mzima ni mrukaji dhaifu ambaye hapendi kwenda mbali na mto wake. Kuamini kwamba Uluguru, Udzungwa na Usambara zina Neoperla mmoja kunahitaji ushahidi mkubwa kuliko kuamini kinyume chake, na ushahidi huo hatuna.

Kazi inayotakiwa si ya gharama kubwa, ila ni ya polepole. Neoperla wazima huvutwa na taa. Shuka nyeupe kando ya mto usiku usio na mbalamwezi, taa ya betri, chupa ndogo za ethanoli; kibandiko cha penseli ndani ya chupa, kwa kuwa wino huyeyuka, chenye jina la mto, mwinuko, tarehe na mkusanyaji. Dume mmoja mmoja atolewe kifuko, mguu mmoja uende kwenye maabara ya vinasaba, mwili uliobaki utunzwe hapa nchini mahali ambapo mtafiti ajaye ataukuta. Vielelezo vya zamani ambavyo majina yamefungwa navyo viko katika makumbusho ya Ulaya, na kulinganisha kutatulazimu kuviomba. Wanafunzi wa uzamili wanaotaka kuanza na Sigi, mlango wangu uko ghorofa ya pili. Njooni na viatu vya mpira.