Dawa Bure, Nauli ya Nani?



Kila mwaka husimama hapa kusoma mapato na matumizi. Leo naomba tusome hesabu ambayo haimo kwenye daftari la chama.

Mtu wetu mwenye uwezo akiugua akili, tunasema amezidiwa na kazi, anapumzika. Asiye nacho akiugua vilevile, tunamwita kichaa, na watoto wanamtupia mawe. Si sisi tu. Mwaka 1958 wataalamu wawili wa Marekani, Hollingshead na Redlich, walichapisha kitabu kuhusu mji wa New Haven. Walikuta wenye fedha wanapata daktari wa kukaa nao na kuzungumza, huku mafukara wakifungiwa kwenye hospitali kubwa za serikali, wengine miaka mingi.

Mtaniambia kwetu dawa ni bure. Ndiyo, sera imeyaweka magonjwa ya akili kwenye orodha ya msamaha. Lakini nauli haina msamaha. Tuseme kutoka kijijini hadi kliniki, kwenda na kurudi, ni shilingi 10,000. Mgonjwa haendi peke yake, kwa hiyo ni 20,000 kila mwezi, na siku nzima ya shamba imepotea. Kwa mwaka ni 240,000, hawajanywa hata chai. Siku wakiambiwa dirishani kwamba dawa zimekwisha, wakanunue duka la nje, basi wanaacha kwenda. Ugonjwa unarudi, mbuzi anauzwa, kisha kipande cha shamba, na majirani wanasema nyumba ile imerogwa.

Wasomi wanabishana: umaskini huleta ugonjwa, au ugonjwa huleta umaskini? Kwa kaya iliyokwisha kuuza shamba, hayo yote mawili yameshaingia ndani.

Kamati inapendekeza mfuko wa nauli kwa wagonjwa wa kata yetu wanaohudhuria kliniki. Malipo yatasainiwa na watu wawili, muuguzi wa zahanati na afisa mtendaji wa kijiji (mnanijua, saini moja siipendi). Majina ya wagonjwa hayatasomwa mkutanoni wala kuchapwa kwenye kijitabu hiki.

Bahasha ziko kwa mweka hazina. Anayeweza kubeba kaya nzima kwa mwaka, au wawili wakigawana, waje kwangu kabla ya chakula niwaandikie risiti.